Betri Inayoaga

Katika Kiswahili, risasi ilikuwa madini kabla ya kuwa kitu cha kuulia. Tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa jina la ile metali laini, nzito, ya kijivujivu, ambayo wavuvi waliiyeyusha wakaifanya chubwi za mishipi, na mabaharia wakaifunga mwishoni mwa kamba, wakaiita bildi, wapate kujua kina cha maji yaliyo chini yao. Zilipokuja bunduki zikawa zinakula metali hiyo hiyo, jina likahamia kwenye kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki, likakaa huko. Leo ukimwambia mtoto wa skuli kwamba nyavu za babu yake zina risasi, atakuuliza babu alikuwa akipigana na nani.

Nimeanza na neno hili kwa kuwa mwishoni mwa masika yaliyopita ami yangu aliniomba nimsaidie kuchagua betri mpya ya mashua yake, na betri ya aina iliyozoeleka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Jina la betri nalo limetoka vitani. Katikati ya karne ya 18 Mmarekani Benjamin Franklin alipanga pamoja vioo 11 vya dirisha, kila kimoja kimebandikwa mabati membamba ya risasi, ili kukusanya umeme mwingi kwa mara moja. Mpangilio ule aliupa jina la safu ya mizinga, neno ambalo Waingereza walilitumia kwa mizinga inayofyatuliwa pamoja. Kifaa chake hakikuwa betri kwa maana ya leo. Ile inayochajiwa na kuchajiwa tena ilikuja mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alipozamisha mabamba ya risasi ndani ya asidi ya salfa. Lakini jina lilikwisha kushika. Kwa hiyo sisi tunaposema betri tunasema mizinga, na tukiifungua mizinga hiyo tunakuta risasi ndani. Hakuna mshairi aliyekusudia tamathali hiyo. Imejitunga yenyewe katika lugha yetu, wala haimo katika Kiingereza, maana Mwingereza risasi ya madini ana neno lake na risasi ya bunduki ana neno lake.

Sasa mashua yenyewe. Ina urefu wa mita 9 hivi, tanga moja, na mashine ndogo ya nje inayowashwa kwa kuvuta kamba, ambayo hutumika kuingia na kutoka horini pepo zinapokataa. Hulazwa upande wa Wete. Kazi yake ni kwenda Tanga na kurudi: huenda na mbata, hurudi na vitunguu na maharage. Mkondo unaotutenga na bara una upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake hufika mita 800. Bildi ya ami, yenye kamba ya pima 20, haina la kusema huko. Maji husukuma kwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi husukuma kwa nguvu zaidi, hivyo nahodha anayetaka kufika anapotaka hana budi kuelekeza omo mahali pengine. Chini ya maji hayo hayo ulilazwa waya wa umeme kutoka Tanga mwaka 2010, ukakipumzisha kisiwa na majenereta ya dizeli. Umeme wa nyumba zetu hupita chini. Mashua ya ami hupita juu, na wake umo ndani ya sanduku la mbao. Ami husema huo wa kwake angalau hauletewi bili.

Betri ya zamani ilikuja na mashua alipoinunua, nayo ilikuwa ya gari. Iliwasha taa, ikachaji simu, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na lawama. Usiku mmoja wa kusi, wakitoka Tanga, taa ya mlingotini ilififia kama utambi uliokaukiwa mafuta, kisha ikazimika. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 22, ndiye aliyekuwa na zamu ya usukani. Meli zinazokwenda na kutoka Tanga na Mombasa hupita maji yale, na usiku ule ilitokea moja kutoka upande wa kaskazini. Redio nayo ilikuwa imekufa. Walichofanya vijana ni kumulika tanga kwa tochi za simu, tanga likawa jeupe gizani, na sijui hadi leo kama ni tanga lile lililoonekana au ni majaaliwa. Meli ilipita karibu kiasi cha wao kusikia mtambo wake, na wimbi lake likawaingizia maji ambayo waliyateka kwa upo hadi alfajiri.

Mwanangu alinisimulia mara moja tu, akiwa anakula, kwa sentensi tatu. Mke wa ami hakusimulia kitu. Alitamka kwamba chombo hakitoki tena usiku mpaka taa ipatikane. Katika kisiwa hiki hakuna anayebishana na kauli kama hiyo. Meli ya Spice Islander ilizama ikija huku kutoka Unguja, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na wengi wetu tuna jina la mtu wetu katika usiku ule. Yale yalikuwa mambo mengine, meli kubwa iliyojaa kupita kiasi, na sithubutu kuyalinganisha na betri. Nasema tu kwamba mwanamke wa Pemba akizungumzia bahari na usiku kwa pumzi moja, wanaume hunyamaza.

Ami alikuja kwangu kwa sababu mimi ni mwalimu. Kwa imani yake mwalimu anajua hesabu, hata kama anasomesha Kiswahili. Tukakaa barazani na karatasi. Tuliorodhesha kila kinachokula umeme chomboni na muda kinaoula. Taa ya mlingotini ya rangi tatu, nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, tuliamua iwe ya LED, kwani ile ya balbu ya zamani ya wati 25 hunywa ampia mbili kila saa ilhali hii mpya hunywa kama sehemu ya kumi ya hizo. (Ami alishangazwa na sheria inayozitaja pande za chombo kwa mikono. Baharia wetu huzitaja kwa upepo: huku joshini, huku demanini, na ukigeuza tanga majina nayo yanahama. Nilimweleza kuwa taa haiwezi kuhama. Akasema basi ni taa ya watu wa mashine.) Usiku wetu ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, kwa kuwa tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, taa hiyo basi itachukua kiasi cha 2.4. Redio ikisikiliza usiku kucha, kama 5, na ikisema kwa dakika chache, 1 nyingine. Kifaa cha kuonyesha mahali, 5. Simu tatu, 4. Mkanda wa taa wa kufanyia kazi na kupikia, 2. Pampu ya maji ya ngama, tuseme nusu saa kwa jumla, 2. Jumla haikufika 22.

Ishirini na mbili nini? Hapo ndipo pana lugha.

Dukani Chake Chake kijana muuzaji, mstaarabu na mwenye subira, alituwekea betri ya kwanza juu ya meza akasema, "Mzee wangu, hii ni ampia mia."

Ami akauliza, "Mia kwa muda gani?"

Kijana alitabasamu, akidhani mzee hakuelewa. Kumbe swali lile lilikuwa ndilo. Kibandiko kilisema 100Ah, na hiyo "Ah", ambayo jicho la Mswahili huisoma kama mguno, ni ampia kuzidishwa kwa saa. Ampia ni wingi wa maji yanayotoka mdomoni mwa mtungi kwa wakati mmoja. Ampia-saa ni maji yaliyomo mtungini. Volti ni urefu wa mahali mtungi ulipotundikwa. Muuzaji anaposema "ampia mia" amekata saa akaacha ampia, na mnunuzi anaondoka akiamini amenunua nguvu, ilhali amenunua akiba. Tena akiba hiyo hupimwa kwa utaratibu maalumu: betri ya 100 ni ile inayoweza kutoa ampia 5 kwa saa 20. Ukiidai ampia 50 kwa mkupuo haitakupa saa mbili, itachoka kabla. Kukata neno kwa ajili ya wepesi ni jambo la kawaida sokoni, na sina ugomvi nalo. Ila neno lililokatwa hapa ni muda, na muda ndio baharia anaoununua.

Betri ile ya kwanza ilikuwa na namba nyingine kubwa zaidi, 700, ambayo kijana aliitaja kwa fahari. Nikaisoma vizuri. Ni kipimo cha ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 ili kuwasha injini kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikamtafsiria ami. Akatazama nje, kwenye jua la saa sita za Chake, akasema, "Maalim, baridi hiyo iko upande gani wa Tanga?"

"Hii inawasha lori, mzee wangu, wallahi," kijana akasema.

"Silikosoi lori, mwanangu. Lori likizimika linakaa barabarani."

Kisiwa kilichowatoa Kamange na Sarahani hakikosi watu wa kujibizana, na wawili hawa wangeendelea hadi adhuhuri. Lakini tofauti waliyokuwa wakiizunguka ni ya kweli, na duka halikuwa na jina la kuitajia. Yapo mabetri yaliyotengenezwa yatoe pigo moja kubwa kisha yajazwe mara moja. Ndani yana mabamba mengi membamba ya risasi, ili asidi ipate uso mpana wa kufanyia kazi. Yapo mengine yenye mabamba machache manene, yasiyoweza kupiga kwa nguvu ile lakini yanayoweza kutoa kidogo kidogo usiku kucha, yakamwagwa na kujazwa mara mamia bila kumomonyoka. Ukiifanyisha ya kwanza kazi ya pili, mabamba yake membamba huoza mapema. Ndivyo ilivyokufa betri ya zamani ya ami. Madukani kwetu ya kwanza huitwa "ya gari" na ya pili "ya sola", majina yanayotaja kitu cha jirani badala ya tabia. Mtu wa mashua, asiye na gari wala nyumba ya sola, achukue ipi?

Nilimwambia ami kwamba wataalamu wangeiita ile ya pili betri ya mzunguko wa kina. Hivyo ndivyo neno la kigeni litakavyotoka ukilitafsiri kipande kwa kipande. Alinitazama kwa huruma. Mzunguko wa kina, kwa mtu aliyekulia baharini, ni maji yanayozunguka juu ya kilindi, na maji hayo humeza ngalawa. Hakuna atakayeweka kitu chenye jina hilo ndani ya chombo chake. Alichosema yeye, tukiwa bado tumesimama mbele ya meza, ni hiki: "Kuna mpiga kasia wa mashindano na kuna mpiga kasia wa jarife. Wa mashindano ana kishindo. Wa jarife ana stahamala. Mimi nataka huyo wa stahamala."

Kijana alielewa papo hapo. Aliingia ndani akarudi na betri nyingine. Mimi nilibaki na daftari langu mkononi nikiandika: betri ya kishindo, betri ya stahamala. Nimefundisha istilahi kwa miaka mingi, na nimeona kamati zikihangaika na maneno yasiyotamkika. Hapa neno lilitoka kwa mtu aliyekuwa na haja nalo, likaleta bidhaa kutoka stoo.

Ukubwa haukutusumbua. Ishirini na mbili kwa usiku mmoja, na tulitaka betri iweze kubeba siku mbili bila jua, maana paneli iliyofungwa juu ya shetri hufunikwa na kivuli cha tanga nusu ya safari, na masika mawingu hufunika iliyobaki. Hiyo ni 44. Betri ya risasi ikitumiwa kupita nusu ya akiba yake mara kwa mara hufupisha umri, hivyo lazima iwe ya 88 au zaidi. Jambo la nusu nililiogopa, nikadhani ami ataona analipia kitu asichokitumia. Hata. Alisema mtungi wa maji ya kunywa baharini haunywewi hadi chini.

Kazi ilikuwa aina. Kulikuwa na betri ya risasi yenye maji ya asidi ya kuongezea, nafuu kuliko zote. Hiyo tuliiacha mapema. Mashua inayolala demanini saa nane mfululizo haifai kubeba asidi inayochezacheza. Betri hiyo ikichajiwa hutoa haidrojeni, na feuli yetu haina hewa ya kutosha. Tena maji ya bahari yakichanganyika na asidi yake yanaweza kutoa klorini, gesi iliyotumiwa kuulia watu vitani. Narudi vitani tena, si kwa kupenda.

Ya pili ilikuwa ya risasi vilevile, lakini asidi yake imenyonywa na sufi ya kioo iliyobanwa kati ya mabamba, imezibwa juu, haimwagiki hata ukiilaza ubavu. Ya tatu ilikuwa ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas waliieleza mwaka 1997, tulivu kuliko lithiamu ya simu. Kilo 12 badala ya 30. Akiba yake unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, kwa hiyo ndogo ya 60 ingetutosha. Hujazwa na kumwagwa mara elfu kadhaa, pale risasi inapohesabu mamia. Bei yake, kwa siku ile, ilikuwa zaidi ya maradufu.

Moyo wangu ulikuwa kwenye lithiamu, na niliisemea. Kwa hesabu ya miaka 10 ni rahisi kuliko kununua za risasi tatu au nne mfululizo, hasa hapa kwetu ambapo joto huzila betri za risasi: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzijoto 10 juu ya 25 hukata umri wake kwa karibu nusu. Ami alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia kijana.

"Hii ikichoka, inasemaje?"

Kijana, na namsifu kwa ukweli wake, alijibu kuwa haisemi. Volti zake hukaa palepale, 13.2 hivi, kutoka karibu imejaa hadi karibu imekwisha. Mwisho wake ukifika, kifaa kilichomo ndani yake cha kuilinda hukata umeme wote kwa mara moja.

"Na hii ya sufi?"

Hii hushuka taratibu. Ikijaa na kupumzishwa huonyesha 12.7 au zaidi kidogo. Ikifika nusu, kama 12.2, ikiisha, chini ya 12.

Sasa, taa mpya ya mlingotini haiwezi kumwambia mtu lolote, kwani ina kidhibiti ndani, hung'aa vilevile hadi dakika zake za mwisho. Lakini ule mkanda wa taa juu ya jiko ni wa kawaida, na volti zikishuka nao hufifia. Ami amekuwa akiusoma kwa miaka. Akiwa amelala usingizi wa nahodha, nusu macho, huona sufuria inavyong'aa akajua saa ngapi zimebaki. Akaniambia, "Ya risasi huaga, Maalim. Hiyo nyingine hufa ghafla bila kuacha wasia."

Nilimjibu kwamba kuna kipimo kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, kinaonyesha asilimia kwenye kioo kidogo, nacho hakidanganyiki kama jicho. Akauliza ni nani atakayekisoma saa tisa usiku, mvua inapiga, vijana wawili wako kwenye demani na wa tatu yuko usukanini. Nikasema nahodha. Akasema nahodha anatazama tanga.

Hapo sikuwa na la kuongeza, ingawa sikubaliani naye mpaka sasa. Naamini siku moja lithiamu itaingia katika mashua ile, pamoja na kipimo chake, na kijana atakayekuwa nahodha siku hiyo atakisoma bila kufikiri, kama ami anavyoisoma sufuria. Lakini betri hununuliwa kwa ajili ya watu waliomo chomboni leo. Kidhibiti chetu cha chaji kilikuwa cha betri za risasi, fedha zilikuwa za betri moja, na mtu wa kuamua njia katikati ya mkondo alikuwa mzee anayesikiliza kuagwa. Nilipomwuliza kuhusu zile kilo 30, alicheka. Aliinua betri kwa mikono miwili, akaikadiria kama mtu akadiriavyo gunia la karafuu kabla ya mizani, akasema kuwa mashua inayorudi na maharage machache huhitaji farumi, na risasi ni farumi bora kuliko mawe.

Tulichukua ya sufi, ampia-saa 100. Kijana alituletea mbili za namna moja. Nilimwomba azipime zote kabla ya kulipa, maana betri ya risasi iliyokaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa huota fuwele juu ya mabamba na huzeeka ikiwa bado mpya. Moja ilionyesha 12.4 na nyingine 12.8. Tarehe iliyogongwa ubavuni mwa ile ya pili ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Tukaondoka na hiyo.

Kufunga kulichukua asubuhi moja: sanduku la mbao ndani ya feuli, juu ya usawa wa maji ya ngama, mbali na jua, mikanda miwili ili isihame chombo kinapokwenda mrama, fyuzi karibu na ncha chanya, grisi juu ya vichwa vya shaba, kwa sababu chumvi ya hapa hula shaba ikaacha unga wa kijani.

Betri ya zamani ndiyo iliyotuchelewesha. Jirani mmoja mvuvi aliiomba. Alitaka kuipasua, aiyeyushe risasi yake jikoni, ajifanyie chubwi, kama walivyofanya wazee na vipande vya risasi walivyookota. Hakuna ubaya katika nia yake. Ni mtu anayerudisha neno mahali pake pa zamani. Lakini risasi ya betri imelowa asidi, moshi wake na vumbi lake huingia katika damu ya watoto na hudumaza akili zao. Nilimsimulia habari za Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wakazi waliugua, wakashtaki, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Aliuliza, "Risasi bila bunduki?" Nikasema ndiyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akatusaidia kuipakia kwenye gari. Kijana wa Chake aliipokea, akatukatia kidogo katika bei kama alivyokuwa ametuahidi.

Mashua imekwishavuka mara sita tangu hapo. Mwanangu hunitumia ujumbe wakifika: jina la bandari na namba. "Tanga, 12.5." "Wete, 12.4." Mama yake huuliza namba kwanza.

Katika daftari langu sasa yamo maneno 11 ya umeme wa chomboni, yote nimeyasikia kwa mabaharia na si kwa vitabu. Kuaga ni mojawapo. Stahamala na kishindo pia. Vijana husema betri "imeshiba" ikijaa na "ina njaa" ikishuka chini ya nusu, na paneli iliyofunikwa na kivuli cha tanga husema "imesinzia". Ninachokosa ni neno lao la fyuzi, ambayo wao huiita fyuzi tu. Mlioko Lamu, Vanga, Mafia, Kilwa, na nyinyi ndugu zetu mlioko Sur na Maskati mnaopanda vyombo vya wazee wenu siku za mapumziko, niandikieni kwenu mnasemaje betri inapofifia, na kama kuna mwenye jina la ile inayokata ghafla, hilo ndilo ninalolitafuta zaidi.